Kuchomelea seli za lithiamu nyumbani: maswali yenu

Fundi, nina pasi ya risasi na mkono mwepesi. Kwa nini nisilehemu tu seli zangu, nikaachana na mashine?

Mkono wako nauamini. Shaka yangu iko kwenye seli. Ndani ya seli ya 18650 (ile ya mche duara, kipenyo milimita 18 na urefu 65), pande hasi na chanya zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na utando huo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ncha ya pasi ina nyuzi 350, na risasi haishiki kwenye kopo la seli mpaka uiegemeze sekunde kadhaa, muda ambao joto linazama ndani. Mashine ya kuchomelea hupitisha mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu moja, lakini kwa milisekunde chache tu. Utepe wa nikeli unaounganisha seli huyeyuka kwenye kinukta kimoja na seli inabaki baridi. Kama mashine huna, tafuta seli zilizochomelewa vibati kiwandani, ulehemu kwenye vibati hivyo.

Nimeuziwa utepe wa "nikeli safi", lakini sumaku inaushika. Nimepigwa?

Sumaku haitakwambia kitu, maana nikeli nayo hushikwa na sumaku. Kwangua kipande kwa msasa mpaka ngozi ya juu itoke, kilaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikiamka na kutu, ni chuma kilichopakwa nikeli. Chuma hicho huchomeleka kirahisi kuliko nikeli yenyewe, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwenye mzigo mkubwa hupitisha umeme vibaya na kupata moto.

Nikivuta, utepe unabanduka. Nikiongeza nguvu, unatoboka. Nifanyeje?

Kwanza, usijifunzie kwenye seli nzima. Tafuta seli iliyokufa, isiyo na chaji, uchomelee hiyo, kisha ubandue utepe kwa koleo. Ukitoka mzima na kuacha alama mbili tu, joto halikutosha. Ukichanika na kuacha vipande vya nikeli vimeng'ang'ania kwenye kopo, hapo umepata. Ukiona tundu au weusi, umezidisha. Chini yake kuna bati jembamba la kopo, na likitoboka kemikali ya ndani inavuja.

Anza na utepe wa milimita 0.1 au 0.15, mpigo mdogo wa umeme, ukipandisha kidogo kidogo. Ila naona tatizo lako huenda liko kwenye mkandamizo. Ukigusa kijuujuu, cheche zinaruka na nikeli inapulizwa. Ukikandamiza mno, chuma na chuma vinashikana vizuri kiasi kwamba joto halizaliki hapo. Ncha za shaba za mashine, zinazogusa utepe, zisipokuwa safi, kila mpigo utakuwa na tabia yake, basi zisugue kwa msasa mara kwa mara. Pia kata mfereji mwembamba kwenye utepe, upite katikati ya ncha mbili: umeme ukikosa njia ya mkato juu ya utepe, utalazimika kushuka kwenye seli. Mfereji huo mdogo umenisaidia kuliko kubadilisha mashine.

Nijitengenezee mashine kwa transfoma ya maikrowevu?

Hapana. Ili kuitoa transfoma lazima uifungue maikrowevu, na kapasita iliyomo, kifaa cha kuhifadhi umeme, huweza kubaki na volti kama 2,000 hata baada ya kuchomoa plagi, na imeua watu.

Seli nilizotoa kwenye kompyuta ya zamani zina volti tofauti. Naweza kuziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi?

Si zikiwa hivyo. Ya volti 4.1 itaimwagia ya 3.4 umeme bila kizuizi. Zichaji moja moja mpaka tofauti isizidi volti 0.05, na usiifufue iliyokutwa chini ya volti 2. Shaba ya ndani huenda imeshaanza kuyeyuka, na ikichajiwa inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani.

Halafu angalia upande chanya. Watu hudhani kopo zima ni chanya kwa sababu kitufe kiko juu. Kopo ni hasi, mpaka ukingo unaozunguka kitufe. Mimi utepe uliwahi kuniteleza ukagusa ukingo huo. Uligeuka mwekundu kabla sijaufikiria, nikaungua vidole viwili. Tangu siku hiyo kila seli yangu huvalishwa pete ya karatasi ya kuhami, hata ngozi ya kiwandani ikiwa nzima. Vua pete ya kidoleni na saa, vaa miwani, fanyia kazi karibu na mlango. Seli ikianza kufoka, toka nje na usivute moshi wake.