Ni chembe zake mwenyewe, zitamdhuruje?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu wa miaka 19 ana saratani ya damu, na imemrudia. Dalali wa safari za matibabu anasema India kuna tiba inayotumia chembe zake mwenyewe, haina madhara kwa kuwa ni zake, na baada ya wiki mbili atakuwa amerudi Nansio. Tuuze mashine ya boti?
Dada Mkubwa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tiba ipo, huitwa CAR-T. Marekani waliiidhinisha 2017, India wakapitisha ya kwao Oktoba 2023. Mimi nimestaafu wodi ya saratani na tiba hii sijaisimamia kwa mikono yangu, lakini hilo la "ni zake" limenikera.

Mgonjwa hutolewa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, zikabadilishwa maabara ziweze kuitambua saratani, kisha akarudishiwa kwa dripu. Zikishaingia huzaana. Dawa ya kawaida ikizidi unaisimamisha. Hizi zi hai, ukishazifungulia zimekwenda. Zinapopigana humwaga kemikali mwilini: homa kali, presha inashuka, pumzi inapungua. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa tiba hii kwa saratani ya damu, huko Philadelphia mwaka 2012, alifika mahututi kabisa. Kilichomwokoa ni tosilizumabu, dawa ya ugonjwa wa viungo! Basi ulizeni kama dawa hiyo iko tayari wodini kabla kijana hajawekewa chembe.

Ubongo nao huguswa. Mtu anakosa maneno, anachanganyikiwa, wengine hupata degedege. Wauguzi humwandikisha sentensi moja kila siku; mwandiko ukianza kupinda, daktari anaitwa. Kalamu na karatasi tu, napenda sana hilo. Nawe mwandikishe huko huko, unaujua mwandiko wake kuliko wao.

Hizo wiki mbili sijui dalali kazihesabu wapi. Kutengeneza chembe peke yake huchukua wiki kadhaa. Akishawekewa, anapaswa kukaa karibu na hospitali hiyo kwa wiki nyingine kadhaa, na asiendeshe boti wala bodaboda. Kodi ya chumba na chakula cha watu wawili viingie kwenye hesabu.

Hata akirudi, kinga yake huweza kuwa chini kwa miezi. Nansio homa ikimshika usiku mtangoja feri asubuhi, kwa hiyo akae kwanza Mwanza mjini. Homa yake si ya kununulia mseto duka la dawa. Ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Na kabla hajasafiri apimwe homa ya ini B, maana virusi vyake vilivyolala huweza kuamka.

Mtasikia pia kwamba tiba hii huweza kuleta saratani nyingine. Ni kweli, Marekani waliagiza onyo hilo Januari 2024, ila hutokea kwa nadra. Kwa kijana ambaye saratani imeshamrudia, mimi ningeogopa zaidi mwezi ule wa kwanza baada ya kuwekewa chembe.

Mashine msiuze bado. Pelekeni faili hospitali ya Bugando, daktari wa saratani awasiliane na wenzake wa India. Tiba za CAR-T zilizoidhinishwa kwa saratani ya damu kali, ile inayokwenda haraka, ni za aina inayotokana na chembe B, ambazo nazo ni chembe nyeupe za damu. Kama yake ni aina nyingine, safari hiyo haimhusu. Muulize dalali ni aina ipi. Akikujibu "saratani ni saratani", mwache aende zake.