Safari ya zipu ilivyokula sketi mbili

Nashona Kimara, Dar es Salaam. Nina vyerehani viwili, meza ya kukatia na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Kwa miaka mingi niliamini mwenye biashara ndogo hapaswi kumlipa mtu kwa jambo analoliweza mwenyewe. Zipu zikiisha, napanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Gerezani, naingia soko la Kariakoo, narudi. Nauli ni ndogo, nikaona nabana matumizi.

Mwaka mmoja sare za shule zikanielemea. Shule hufunguliwa Januari, na wazazi wengi huleta vitambaa Krismasi ikishapita. Wiki ile nilikwenda Kariakoo mara nne: vifungo, zipu, uzi, halafu uzi tena kwa sababu rangi haikuoana. Kila safari ilinitoa mezani saa tatu asubuhi na kunirudisha saa saba mchana. Siku ya kufungua shule mama mmoja alikuja kuchukua sketi za mabinti zake wawili. Nilikuwa nimemaliza moja. Yule mdogo alikwenda shule na sketi ya mwaka uliopita, imembana, na alivyoniangalia pale mlangoni sijasahau.

Jioni nikashika daftari. Kwa saa nne nakata na kushona sketi mbili za shule. Kwa hiyo kila nilipofuata zipu, nililipa ufundi wa sketi mbili, na nauli juu yake.

Tangu hapo kupima na kukata nafanya mwenyewe, maana kitambaa kikikatwa vibaya hakiungiki. Ovaloki, yaani kushona kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi, na matundu ya vifungo nawapa mafundi wengine. Vifaa naagiza kwa simu, bodaboda analeta. Picha ya simu hudanganya rangi, basi nilimpelekea muuzaji vipande vya vitambaa vya sare za shule za huku kwetu, kila kimoja nimekiandika namba. Sasa namtumia ujumbe tu: uzi namba tatu, koni mbili. Kwangu hiyo ndiyo safari ya Kariakoo iliyolipa kuliko zote.

Kumpata mtu wa ovaloki kulinigharimu zaidi. Wa kwanza nilimchagua kwa bei, akakaa na kazi yangu siku tatu. Nakushauri umjaribu mtu akiwa na kazi nyingi, maana kila fundi ni mwepesi mwezi usio na wateja. Muulize pia umeme ukikatika anafanyaje. Niliye naye leo ana bei ya juu kidogo, lakini akisema saa kumi, saa kumi mzigo uko kwangu.

Kodi nayo ina saa zake. Sisi wafanyabiashara wadogo tunaolipa kodi kwa makadirio tunalipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na hiyo ya mwisho inaangukia katikati ya sare. Mimi naimaliza wiki ya kwanza ya Desemba, kwa simu, kabla vitambaa havijaanza kuingia.

Asubuhi sipokei wateja wa kupima. Tangazo liko mlangoni: vipimo kuanzia saa tisa alasiri. Mwanzoni wawili watatu walinuna, wakaenda kwingine, na iliniuma. Yule mama wa sketi mbili alirudi, safari hii mwezi Novemba, na mabinti wote wawili, saa tisa na dakika chache.