Boksi likigoma kukaa katikati, mwangalie mzazi wake

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ukurasa mmoja tu: fomu ya kuingilia, boksi jeupe katikati ya skrini. Nikamwahidi mteja kesho asubuhi ataiona. Nilikesha. Kwa upana boksi lilikaa katikati bila ubishi, ila kwa kimo liling'ang'ania juu kama kupe. Kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, nikaweka `align-items: center`, wapi. Nikajaribu `vertical-align: middle`, ambayo kumbe ni ya maandishi na seli za jedwali. Mwisho nikalisukuma kwa `margin-top: 210px`, nikalala. Asubuhi mteja akafungua kwa simu. Kitufe cha kuingia kilikuwa nje ya skrini, chini huko.

Fomu haikuwa na kosa. `div` ya kawaida, yaani boksi la HTML la kubebea vitu vingine, hutanuka yenyewe kwa upana wote, lakini kimo chake hufuata kilichomo ndani. Kwa hiyo mzazi, ile `div` iliyobeba fomu, alikuwa na kimo kilekile cha fomu, na fomu ilikuwa katikati yake tangu mwanzo! Hapakuwa na nafasi ya kugawana juu na chini. Kilichokosekana ni mstari wa mwisho hapa, unaompa mzazi kimo cha skrini nzima:

```
.mzazi {
  display: flex;
  justify-content: center;
  align-items: center;
  min-height: 100vh;
}
```

Ni `min-height`, si `height`, ili fomu ikirefuka mzazi naye arefuke. Siku hizi naongeza chini yake `min-height: 100dvh`, inayofuata kimo kinachoonekana kweli, kwa sababu kwenye simu `100vh` hupimwa kana kwamba upau wa anwani umejificha, na ukurasa unazidi kidogo. Kivinjari cha zamani kisichoijua `dvh` kitauruka mstari huo na kushika ule wa juu.

Kwa hiyo kitu kikigoma, usirundike mistari. Mpe mzazi `outline: 2px solid red` uone anaishia wapi. Usitumie `border` kwa kazi hii: huchukua nafasi na kusogeza vitu, wakati `outline` huchorwa tu bila kugusa mpangilio. Mara nyingi utacheka mwenyewe.

Tangu 2024 vivinjari vikubwa vinakubali `align-content: center` kwenye `div` ya kawaida, bila `display: flex`. Nimeipenda, ila nayo bila kimo haisaidii kitu.

Picha ina kisa chake. Hukaa kwenye mstari kama neno, ndiyo maana `margin: 0 auto`, inayogawa nafasi sawa kushoto na kulia, haiigusi mpaka uiambie `display: block`. Na kwenye flex ukiweka `flex-direction: column` ili vitu vipangwe kutoka juu kwenda chini, kumbuka mhimili umegeuka: `justify-content` sasa inashughulikia juu na chini. Hilo linanipata hadi leo.

Aya ndefu za kusoma mimi siziweki `text-align: center` hata mteja akisisitiza, jicho hupotea kutafuta mstari unaofuata unaanzia wapi. Naipa safu nzima `max-width: 65ch` (upana wa sifuri 65 zilizopangwa) na `margin: 0 auto`, maandishi yenyewe yanabaki kushoto.