Ukiandika kumbukumbu za ubalozini, hesabu vitenzi vyako

Februari 1977 nilikuwa katibu wa tatu katika ubalozi wa Uganda kwenye mji mmoja wa Ulaya. Tarehe 16 mwezi huo utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Teleksi ilipotufikia, mkubwa wangu akanipa kazi ya kuandika barua rasmi ya kuieleza nchi mwenyeji habari za "ajali" hiyo. Niliiandika, nikaisoma mara tatu ili isiwe na kosa la sarufi, nikatia saini.

Miaka mingi baadaye nilianza kuandika kumbukumbu zangu. Kuhusu siku ile niliandika hivi: "Tuliagizwa kutoa maelezo, na maelezo yakatolewa." Mke wangu alisoma, akaniuliza: "Yakatolewa na nani?"

Wenzangu mliotumikia serikali za namna ile, na mnaotaka kuandika kabla jua halijatuchwea, pitieni rasimu zenu kwa kalamu nyekundu. Pigieni mstari kila kitenzi cha kutendwa. Iliamuliwa. Alihamishwa. Yalitolewa. Kiswahili kinatupa hiyo -wa kwa wepesi mno, na sisi wa ubalozini tuliizoea kazini hata tukaanza kuwaza kwayo. Ukurasa wangu ule ulikuwa na vitenzi kumi na moja vya aina hiyo, na saba kati yake mtendaji alikuwa mimi. Nilivibadilisha kimoja kimoja. Kazi ya ukurasa mmoja ilinichukua wiki nzima, na usiku mwingine sikulala.

Hofu msiiache nje. Vijana huniuliza kwa nini sikujiuzulu, ilhali nilikuwa na kinga ya Mkataba wa Vienna wa 1961. Mkataba ule unamzuia polisi wa nchi mwenyeji kuingia ubalozini bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Haukukingi na waliokutuma. Mwaka 1974 mwili wa Michael Ondoga ulionekana katika Mto Nile, muda mfupi baada ya Amin kumwondoa kwenye uwaziri wa mambo ya nje. Sisi wadogo tuliielewa habari ile, na wazazi wetu walikuwa nyumbani. Iandikeni hofu hiyo yote, ila ipeni aya yake. Ikikaa sentensi moja na saini yako, inageuka wakili wako.

Tena, msimpe kijana mliyekuwa maarifa ya mzee mliye sasa. Agosti 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, nilikuwa mwanafunzi na nilipiga makofi. Hilo limo kitabuni, na linaniuma.

Majina ya makarani na madereva yafichwe. Wana watoto.

Barua ile niliipeleka mwenyewe. Ofisa aliyeipokea aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama naamini kilichoandikwa humo. Nikamjibu, "Ndivyo tulivyoarifiwa." Kitenzi hicho sikukigusa. Nimekiacha kama kilivyotoka kinywani mwangu siku ile.