Maswali yenu: kila kikohozi mnakiita TB

Tangu mashine za kupulizia salfa zianze kunguruma kwenye mikorosho, ujumbe wenu ni kikohozi juu ya kikohozi. Nimechagua machache. Na kwa mara nyingine: mimi ni tabibu mstaafu, siyo daktari bingwa, msinipandishe cheo.

Dokta shikamoo. Nimefanya kazi ya karasha miaka tisa. Mwaka juzi nilimaliza dozi ya TB, nikapona. Sasa nakohoa tena, mara mbili makohozi yametoka na damu. Nimepungua, suruali zinanidondoka. Kipimo cha makohozi kinasema sina TB. Nianze dozi nyingine? (Mchimbaji, Ruangwa)

Marahaba. Usianze.

Karasha inayosaga mwamba mkavu hutoa vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe mengi. Lile unaloliona likielea juani lina nafuu, mengi yake huishia puani na kooni. Baya ni lile usiloliona, la chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linaloteremka mpaka mwisho wa pafu. Askari wa mwili hulimeza, nalo likawaua, na mahali pale pakabaki kovu. Makovu yakizidi ndiyo silikosisi, na hakuna dawa ya kuyafuta. Mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya TB karibu mara tatu ya mwenzake, na akiwa na VVU hatari inapanda zaidi. TB nayo hata ikipona inaweza kuacha shimo kwenye pafu. Humo ndimo anamohamia fangasi aitwaye Aspergillus. Vimbegu vyake tunavivuta sote kila siku, na pafu zima huvifagia. Shimoni hakuna wa kufagia.

Niliwahi kuinua dirishani picha ya eksirei ya mponda kokoto mmoja. Juu ya pafu la kulia palikuwa na shimo la mviringo, ndani yake tonge jeupe, na juu ya tonge utepe mweusi wa hewa, mwembamba kama mwezi mwandamo. Alipopigwa picha nyingine amelala ubavu, tonge lilikuwa limehama. Lile tonge ni fangasi. Mtu huyo alikuwa ameshameza dozi ya TB mara mbili, na ile ya pili alipewa kwa kukisia tu.

Kwa hiyo nenda hospitali ya rufaa. Omba makohozi yaoteshwe, upigwe eksirei au CT, na damu ipimwe kingamwili za Aspergillus. Mwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza, maana wengi hawaulizi. Ikithibitika ni fangasi huyo, dawa inayotumika sana ni itrakonazo, kwa miezi 6 au zaidi, chini ya uangalizi kwa sababu ya ini na moyo. Rifampisini iliyomo kwenye dozi ya TB huifanya itrakonazo isifike kiwango chake kwenye damu, ndiyo maana nakukataza kumeza vyote viwili kwa kubahatisha. Damu ikianza kutoka kwa wingi, usisubiri kukuche.

Kama ni fangasi, si ninunue flukonazo hapo dukani? (Masasi)

Hapana. Aspergillus anayesumbua mapafu haguswi na flukonazo. Utapoteza hela na miezi. Na mkiwa hapo dukani, acheni kuomba predinisoloni "ya kufungua kifua". Inashusha kinga, na fangasi anashukuru.

Ni kweli maziwa yanasafisha vumbi kifuani?

Mara ya nne mwaka huu. Maziwa yanakwenda tumboni.

Salfa inaua ubwiriunga kwenye mikorosho. Je, nikiivuta kidogo haiwezi kuua na fangasi wa mapafu? (Newala)

Umenichekesha, lakini hapana. Ubwiriunga ni ugonjwa wa fangasi wa mkorosho, binadamu hapati. Salfa ukiivuta inachoma macho na njia ya hewa, na mwenye pumu inaweza kumlaza kitandani. Haileti silikosisi, hilo tuliweke sawa. Pulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, na usimpe mtoto ashike mashine.

Mume wangu anapakua magunia ya karanga ghalani. Jioni anatetemeka kwa homa na kikohozi, kesho kutwa mzima. Kila mara anameza dawa ya malaria. (Lindi)

Dada yangu, hajapima hata mara moja? Apime. Ikiwa hana malaria na homa inamjia saa 4 mpaka 8 baada ya kushika magunia yenye ukungu, huenda mapafu yake yanaukataa ukungu. Huo ni mzio, siyo maambukizi, lakini ukiachwa miaka nao unaleta makovu. Dawa ya kwanza ni kuondoka kwenye ule ukungu. Na karanga hizo zisiingie jikoni: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

Fangasi wa mapafu anaambukiza?

Huyu wa Aspergillus, hapana. TB ndiyo.

Nimerithi nyumba Mikindani, dari imejaa kinyesi cha popo. Nifagie mwenyewe?

Usifagie kikavu. Vumbi hilo linaweza kuwa na fangasi mwingine, Histoplasma, ambaye hahitaji shimo ndipo aanze. Lowanisha kwanza, vaa barakoa ya N95, toa kikiwa na unyevu, watoto wakae mbali.

Sisi karashani tunajifunga kanga mdomoni. Inatosha?

Haitoshi. Vumbi la silika linapita kanga kama dagaa kwenye jarife. Barakoa ya N95 ina nafuu, ila ikibana vizuri usoni, na siyo ile ile wiki nzima. Kinachofaa zaidi ni kulowanisha jiwe kabla halijasagwa na wakati linasagwa. Najua mtasema maji mnanunua kwa dumu. Mwenye karasha ananunua dizeli kila asubuhi bila kulalamika. Mwambieni aongeze na madumu ya maji.