Je, marafiki 50 kusema "ndiyo" kunatosha?
Ndugu yangu, umeuliza kama marafiki 50 waliokuambia kwamba wangeitumia programu yako ya kuagizia mboga wanatosha kukufanya uanze kuitengeneza. Kwa maoni yangu hawatoshi, kwa kuwa rafiki huona vigumu kukuvunja moyo. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini wateja walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Kwa hiyo shinda asubuhi nzima gengeni, tazama daftari la madeni lililochakaa pembeni mwa mizani, na umwombe mteja akueleze alivyonunua mara ya mwisho, si atakavyonunua kesho.