Usinunue salfa kabla hujageuza jani

Dada wa Lamu, hiyo salfa, dawa ya unga unayotaka kununua kesho upulizie mzabibu wako, iache dukani. Salamu tutapeana baadaye.

Unasema majani ya mzabibu wako wa uani yana madoa ya manjano yanayong'aa kama yamedondokewa mafuta, na mwenye duka kakwambia ni ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu wa majani, pulizia salfa. Ubwiri upi? Iko miwili. Ubwiri unga ni vumbi la kijivu juu ya jani, ukipangusa kwa kidole linatoka, na wala hauhitaji mvua. Huo ndio wa salfa. Ubwiri chini hutoa doa la manjano juu, na chini ya doa hilohilo ukungu mweupe. Huu hutokana na majani kukaa na maji, na wala si kuvu halisi, ni jamaa ya mwani. Salfa haiufanyi kitu.

Mimi niliuziwa salfa na bingwa mmoja wa agroveti hapa Malindi, ambaye nadhani mti pekee aliowahi kuutibu ni mkorosho. Kwa mkorosho, sawa. Lakini hakuniuliza ukungu uko upande gani, wala kama masika yameanza. Kanipimia, kanichekea, kaniambia piga mchana jua likiwaka ndipo ishike. Jamani! Joto likipita nyuzi 30 hivi, salfa huunguza majani yenyewe. Nami mtiifu nikapiga saa saba. Kingo zikakauka, ubwiri ukaendelea na shughuli zake, majani yakapukutika vichala bado vichanga. Bila majani zabibu haipati sukari, na jua likazibabua. Msimu mzima ukaishia kwenye achari ya mke wangu, na haki ya Mungu achari ilikuwa tamu kuliko zabibu za mwaka uliotangulia. Nilipomrudia yule bwana akasema nilipiga kidogo, ninunue nyingine!

Kwa hiyo geuza jani. Usipoona kitu, chuma lenye doa jioni, litie kwenye kopo na kitambaa kibichi, funika, weka kabatini gizani. Asubuhi ukikuta weupe umechipuka chini ya doa, ni ubwiri chini. Dawa yake ni mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, pamoja na chokaa, mchanganyiko uliotoka Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Gramu 100 kwa 100, maji lita 10, ndoo ya plastiki kwa sababu mrututu hula chuma, na utumie siku hiyohiyo. Puliza asubuhi, upande wa chini hasa, kabla mvua haijanyesha, maana inakinga tu. Jani lililokwisha ugua haliponi, lichume ulichome.

Uliuliza na kupogoa, na mbolea, na nini tena? Watakujibu wengine. Wewe piga picha ya upande wa chini uiweke hapa. Hizo tatu ulizoweka zote ni za juu.